Usiniulize Namba

Nikifungua boksi la saksafoni yangu mbele ya wapulizaji wenzangu, swali la kwanza huwa lilelile: "Namba ngapi?" Hakuna anayeuliza inalia vipi. Hakuna anayeuliza pedi zinazoziba matundu yake zilibadilishwa lini, wala utete wangu, ule mwanzi mwembamba unaotetema kinywani, ni wa ugumu gani. Wanainama, wanaigeuza, wanazitafuta tarakimu za namba ya kiwandani zilizogongwa mgongoni mwake, karibu na pale kidole gumba cha kulia kinapokaa, kisha wanazihesabu kimoyomoyo. Yangu ina tarakimu sita. Naziona nyuso zinavyobadilika. Mmoja aliwahi kunishika bega kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani, akasema, "Si mbaya, ndugu yangu. Nayo ni Mark VI."

Pole hiyo imenichosha. Selmer Mark VI ndiyo saksafoni iliyosifiwa kuliko zote duniani, na mimi nimeishi na moja miaka mingi ya kutosha kuupenda mwili wake wote, pamoja na mikwaruzo. Sipingi kwamba inastahili kusifiwa. Ninachopinga ni mahali tulipoiweka sifa hiyo. Tumeitoa vidoleni na masikioni, tukaibandika kwenye namba na kwenye madini.

Nianze na siku niliyoishika mara ya kwanza.

Nilikuwa najifunzia saksafoni ya teno ya kizamani ya Kimarekani, chombo chenye sauti pana na nzito niliyoipenda, lakini kila niliposhuka kwenye noti za chini kabisa, kidole changu kidogo cha kushoto kilikuwa na kazi ya kubeba mzigo. Vibonyezo vyake pale vilikuwa vigumu, vimepangwa kama vyuma vilivyowekwa na mtu asiyewahi kuuona mkono. Nilidhani ndivyo saksafoni zilivyo. Nilidhani kuumwa kidole ni sehemu ya kujifunza. Siku moja Mwalimu akafungua boksi lake, akaitoa ya kwake, akanivisha mkanda shingoni.

"Usipulize kwanza," akasema. "Tembeza vidole tu."

"Nipige nini, Mwalimu?"

"Usipige kitu, mwanangu. Usikie mkono."

Nikatembeza vidole kimya kimya, kutoka juu hadi chini na kurudi, nikisikia pedi zikigonga matundu kwa mlio mdogo wa ngozi. Kidole kidogo kilipofika kwenye zile noti za chini, kikateleza kutoka kibonyezo kimoja hadi kingine bila kuinuka. Mkono haukutafuta kitu. Kila kilichohitajika kilikuwa pale ulipofikia. Nilisimama vile pengine dakika kumi, sijapuliza hata pumzi moja, na ninaamini hadi leo kwamba siku ile niliielewa Mark VI kuliko nilivyoielewa kwenye mazungumzo yote niliyoyasikia baadaye.

Tatizo la saksafoni lilikuwepo tangu Adolphe Sax, Mbelgiji aliyehamia Paris, alipopata hataza yake mwaka 1846. Bomba lake lina matundu zaidi ya ishirini, mengine mapana kuliko kidole chochote kinavyoweza kuziba. Mpulizaji ana vidole kumi, na kidole gumba kimoja kimeshughulika kukibeba chombo. Kwa hiyo kila tundu linahitaji kifuniko chenye pedi, kila kifuniko kinahitaji mkono wa chuma, na mikono hiyo inabidi ipishane, ipandane, ifike chini kabisa kwenye mdomo mpana wa chombo huku kibonyezo kikiwa juu, karibu na kifua. Sauti ya saksafoni ilikuwepo mapema. Kilichochukua karibu miaka mia moja ni kuipatanisha na mkono.

Kampuni ya Henri Selmer ya Paris ilianza kutengeneza saksafoni mwaka 1922, na mwishoni mwa muongo huo ikaichukua karakana iliyokuwa ya familia ya Sax. Mwaka 1936 ikatoa toleo lililoitwa Balanced Action, na hapo ndipo mkono ulipoanza kupata haki yake. Vifuniko vya noti za chini kabisa, ambavyo kwenye saksafoni nyingi vilikaa upande wa kushoto wa mdomo wa chombo, vilihamishiwa kulia. Ukilisikia hivyo unaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini kwa kuvihamisha, fimbo zinazotoka kwenye kidole kidogo zilipata njia iliyonyooka zaidi, springi zikaweza kulegezwa, na nguvu ya kubonyeza ikapungua. Baada ya vita likaja toleo la Super Action, ambalo wapulizaji wengi hupenda kuliita Super Balanced Action. Hapa matundu ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia hayakupangwa tena katika mstari mmoja. Kila kundi liligeuzwa kidogo kufuata mwelekeo wa kiganja, kwa sababu mikono miwili iliyoshika bomba haielekei upande mmoja. Ukikaa na kuitazama mikono yako ikiwa imeshika fimbo utaliona jambo hilo papo hapo. Mafundi walihitaji miongo kuliona.

Mwaka 1954 ikatoka Mark VI. Haikuwa mapinduzi. Ilikuwa Super Balanced Action iliyotazamwa tena kwa jicho la mtu mwenye subira: vibonyezo vya kidole kidogo vilipangwa upya, vikaweza kuinama kukifuata kidole, na vile vya kiganja na vya pembeni vikapata umbo lililotulia. Ilitengenezwa kwa ukubwa wote, kuanzia soprano ndogo hadi besi, na kwa alto na teno iliendelea kwa miaka ishirini, hadi Mark VII ilipoipokea katikati ya miaka ya 1970.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye ushahidi. Kitu kikiwa kizuri kwa sababu ya siri fulani, siri hiyo hupotea pamoja na waliokuwa nayo. Kikiwa kizuri kwa sababu ya mpangilio, mpangilio hunakiliwa. Chukua saksafoni yoyote ya leo, iwe ya Yamaha au Yanagisawa za Japani, iwe ya mwanafunzi anayeanza leo au ya bingwa, ushike vibonyezo vya kidole kidogo cha kushoto. Utaikuta Mark VI pale. Kijana anayeanza kujifunza mwaka huu, ambaye hajawahi kulisikia jina hilo, mikono yake inaijua. Wenyewe Selmer, miaka mingi baadaye, walitoa toleo walilolipa jina la Reference 54 kwa heshima ya mwaka ule. Sioni chombo kingine cha kupuliza cha karne ya 20 kilichoufundisha mkono wa dunia nzima kwa kiasi hicho, na hiyo ndiyo sifa ninayoiona haijasemwa vya kutosha.

Sasa tuje kwenye sauti, maana najua wengi wenu mnaningoja hapo.

Ndiyo, ina sauti yake. Saksafoni za Conn, kampuni ya Marekani, za miaka ya 1930 na 1940, kama ile teno ya 10M, hutawanya sauti. Huijaza chumba kama moshi. Mark VI inaikusanya. Kuna kiini katikati ya noti, na kiini hicho hakipotei ukipuliza kwa nguvu wala ukinong'ona. Lakini sifa yake kubwa kwangu ni kwamba haikulazimishi. Ukitaka iwe na giza inakubali, ukitaka ing'ae inakubali. Dexter Gordon, mpiga teno wa jazi, alianza na Conn 10M kisha akahamia Mark VI, na sauti yake ikabaki ya Dexter: kubwa, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kumaliza sentensi. Sonny Rollins aliipiga, Stan Getz aliipiga, Michael Brecker aliipiga. Wasikilize watatu hao mfululizo jioni moja, uniambie kama utaweza kusema "sauti ya Mark VI" ni ipi. Getz ni pumzi tupu. Rollins ni mtu anayebishana na wewe uso kwa uso. Brecker ni umeme. Na upande wa pili kabisa, katika muziki wa kuandikwa, Marcel Mule, aliyefundisha saksafoni kwenye Conservatoire ya Paris kuanzia 1942 hadi 1968, alikuwa mtu wa Selmer pia, na sauti yake ilikuwa safi na yenye mtetemo kama ya mwimbaji wa opera.

Kwa hiyo tunaposema Mark VI inalia "kama saksafoni inavyotakiwa kulia," nadhani tunasema ukweli wa aina nyingine. Masikio yetu yalifunzwa na rekodi za miaka ya 1950, 1960 na 1970, na kwenye rekodi nyingi za miaka hiyo chombo kilichokuwa mbele ya maikrofoni kilikuwa hichi. Tumeifanya kipimo, halafu tunashangaa inapofaulu kwa kipimo hicho. Silisemi hilo kuishusha. Lugha yoyote hujifunzwa kwa kumsikiliza aliyetutangulia, nasi aliyetutangulia alikuwa ameishika hii.

Balaa linaanzia kwenye hadithi.

Ya kwanza ni ya madini. Inasemwa kwamba shaba ya Mark VI ilitokana na maganda ya mizinga ya vita kuu vya pili yaliyoyeyushwa. Wengine husema kengele za makanisa yaliyobomolewa. Nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wakiisimulia macho yakiwaka. Lakini vita viliisha 1945, na Mark VI ya kwanza ilitoka miaka tisa baadaye. Tena kengele za makanisa hazitengenezwi kwa shaba ya aina hii. Hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati nyingi, karibu sehemu moja katika tano, na mchanganyiko huo ni mgumu na huvunjika. Hauwezi kugongwa ukawa bamba jembamba la kukunja. Saksafoni huhitaji shaba ya njano, iliyochanganywa na zinki. Na ni kweli kwamba maganda ya risasi na mizinga hutengenezwa kwa shaba ya njano yenye sehemu 70 za shaba na 30 za zinki kwa mia, kwa sababu aina hiyo huvutika na kufinyangika bila kupasuka. Kwa sababu hiyohiyo watengenezaji wa vyombo vya muziki huipenda. Ni bidhaa ya kawaida ya viwandani, inayouzwa kwa yeyote anayeihitaji. Haikuhitaji kupita vitani ili iimbe.

Tena, je, madini yenyewe yana kazi kubwa kiasi hicho? Mwaka 1971, mwanafizikia wa Marekani John Coltman alichapisha jaribio lake la filimbi tatu zenye vipimo sawa ndani, moja ya fedha, moja ya shaba nyekundu, moja ya mti. Wasikilizaji hawakuweza kuzitenganisha kwa sauti, na wapigaji wenyewe, walipozuiwa kujua wameshika ipi, nao walishindwa. Filimbi si saksafoni, nakubali. Lakini katika zote mbili kinacholia ni hewa iliyo ndani. Bomba kazi yake ni kuipa hewa hiyo umbo. Na mwenye kutaka ushahidi wa jazi aende Toronto, ukumbi wa Massey Hall, Mei 1953, ambako Charlie Parker alipanda jukwaani na Grafton, alto ya plastiki nyeupe. Rekodi ipo. Hakuna anayeisikiliza akauliza huyu ni nani.

Umbo, basi. Hapo ndipo fundi hupata au hukosa. Saksafoni ina umbo la pia, yaani koni ndefu, inaanza nyembamba na kupanuka taratibu hadi mdomoni, lakini ncha ya pia hiyo imekatwa ili tupate mahali pa kupulizia. Kipulizio, kile kipande kinachoingia kinywani, kinachukua nafasi ya ncha iliyokatwa: nafasi ya hewa iliyo ndani yake inabidi ilingane na ile iliyopotea, la sivyo oktavu zinagombana. Na kwa kuwa upande ule ni mwembamba, tofauti ndogo sana kwenye shingo ya chombo huonekana kubwa kwenye sauti. Ukibadilisha shingo umebadilisha nusu ya tabia ya saksafoni. Wapulizaji wanaolijua hilo huikagua shingo kabla ya kitu kingine: kama imevutwa ikainama kwa sababu mtu aliing'ang'ania wakati wa kuichomoa, kama mwisho wake unaoingia kwenye mwili bado ni duara kamili. Shingo iliyoinama kidogo tu huharibu Mark VI ya namba yoyote.

Nimesema namba.

Hadithi yenyewe ni hii. Mark VI za mwanzo, zenye tarakimu tano, ndizo za kweli; zilitengenezwa na mafundi wa zamani, kwa mkono, bila haraka. Namba zilipovuka laki moja, karibu mwaka 1962, kiwanda kilikuwa kimeshasifiwa, maagizo yakazidi, umakini ukapungua. Ni hadithi ya mgema aliyesifiwa, na ndiyo maana inaaminika kwa urahisi: masikio yetu yameizoea methali kabla hayajausikia ushahidi. Kuna punje ya ukweli ndani yake. Uzalishaji uliongezeka kweli mwaka hadi mwaka. Lakini angalia namba zenyewe zinahesabu nini. Zinaanzia elfu hamsini na tano na kitu, zinakwenda hadi zaidi ya laki mbili, na mfululizo ni mmoja kwa vyombo vyote: alto, teno, soprano, baritoni, wote katika foleni moja. Namba inakuambia chombo kilitoka lini, basi. Haikuambii kilikuwa mkononi mwa nani siku ile.

Jina lenyewe, Mark VI, linaficha mambo. Katika miaka ile ishirini kiwanda kilibadilisha shingo zaidi ya mara moja, kikarefusha na kufupisha mkunjo wa chini wa alto, na hakikubadilisha jina. Vyombo vingi vilisafirishwa kwenda Elkhart, jimbo la Indiana, Marekani, vikiwa vipande, na huko ndiko vilikofungwa, vikapakwa vanishi na kuchorwa nakshi za maua. Vingine vilikamilishiwa Ufaransa vikiwa na nakshi nyingine na mara nyingi na kibonyezo cha ziada cha noti ya juu kabisa. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu Mark VI na kumbe wanazungumzia vyombo viwili tofauti.

Na kama tarakimu tano ndizo zenye roho, tufanyeje na John Coltrane, nguli wa teno katika jazi? Mwaka 2014 mwanawe, Ravi Coltrane, naye mpiga saksafoni, alikabidhi teno ya baba yake kwenye Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, chini ya Smithsonian. Ni Mark VI iliyotengenezwa mwaka 1965. Mwaka huo namba zilikuwa zimeshavuka laki moja na ishirini elfu. Mtu aliyeibeba teno mbali kuliko tunavyoweza kufika alikuwa na tarakimu sita mkononi, na sidhani kama kuna aliyemshika bega kumpa pole. David Sanborn naye, ambaye kilio cha alto yake kiliigwa na kizazi kizima, alipiga Mark VI ya mfululizo wa laki moja na arobaini elfu. Kilichofuata kinaonyesha ugonjwa wetu vizuri: baada ya watu kujua, wakaanza kuzitafuta alto za karibu na namba ile. Badala ya kuacha kuabudu namba tuliongeza namba nyingine ya kuabudu.

Niliwahi kupata bahati ya kushika teno mbili ambazo namba zake zilikaribiana sana, za tarakimu tano zote, siku moja, kwa kipulizio changu na utete uleule. Ya kwanza ilifunguka kama dirisha. Ya pili ilikuwa nzito, noti za chini zilikuwa zinagugumia, na noti ya G ya kati ilikuwa kama inapita kwenye kitambaa. Mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa, anasema amepata "ile mbaya." Tukaipeleka kwa fundi. Fundi hakuuliza namba. Alizima taa za chumba, akateremsha taa ndogo ndani ya bomba, akawa anafunga vifuniko kimoja kimoja kwa kidole chepesi. Kila palipokuwa na mwanga unaochungulia kati ya pedi na ukingo wa tundu, aliweka alama ya chaki. Nilihesabu alama saba. Pedi saba zisizoziba! Alipomaliza kazi yake, siku chache baadaye, nilizipiga tena zote mbili. Hazikuwa sawa, kila moja ilikuwa na tabia yake, lakini sikuweza tena kusema ipi ndiyo "ile nzuri." Yule mwenyewe aliichukua ya kwake akakaa nayo pembeni, akipiga polepole noti ndefu za chini, na hakuna aliyemsemesha kwa muda mrefu.

Ninaamini sehemu kubwa ya hadithi za "Mark VI mbaya" ni hadithi za pedi. Nyingine ni za vanishi. Chombo kilichong'arishwa upya kwa mashine kabla ya kupakwa tena kinapoteza chuma kidogo kila mara. Nakshi zinafifia, kingo za matundu zinalainika na kupoteza usawa, na pedi haiwezi kukaa vizuri juu ya ukingo usio sawa. Ndiyo maana wanaotafuta huwa wanazipenda zile zilizokwanguka, zenye rangi ya chai, zisizoguswa. Katika hilo nawaunga mkono. Lakini hata hiyo si sheria: nimewahi kupuliza alto iliyopakwa upya, nakshi zake karibu zimefutika, na ilikuwa tamu kiasi kwamba niliirudisha kwa shingo upande.

Mark VII ndiyo iliyoumia zaidi na haya yote. Ilikuja na vibonyezo vikubwa zaidi, na mikono midogo ililalamika, kwa haki. Kutoka hapo malalamiko yakahamia kwenye sauti, kisha kwenye jina. Leo mtu huikataa kabla hajaipuliza, kwa kosa la kuzaliwa baada ya dada yake. Nimesikia teno za Mark VII zenye kifua kikubwa, zinazofaa kabisa mbele ya bendi yenye ngoma na gitaa za umeme, na wenyewe wanazipiga bila kujitetea kwa mtu. Nawapenda watu hao.

Kinachoniuma katika kuabudu namba ni matokeo yake, na haya nayasema kwa moyo mzima. Chombo chenye namba inayotafutwa hufungiwa kabatini, kwa sababu kimekuwa mali. Pedi za ngozi hukauka, springi hushika kutu, na saksafoni iliyotengenezwa iguswe kila siku hugeuka kitu cha kuonyeshwa kwa wageni. Kijana mwenye kipaji naye huamini kwamba hatafika popote hadi aipate. Nimewaona wakiiacha saksafoni ya kisasa iliyo sawa kabisa, inayoziba, yenye oktavu zilizotulia kuliko Mark VI yoyote, wakijisemea kwamba sauti yao iko ndani ya boksi la mtu mwingine. Miezi inapita. Noti ndefu hazipigwi. Mwanangu mmoja wa muziki aliniuliza hivi karibuni, "Mwalimu, nikipata ya tarakimu tano nitalia kama nani?" Nikamvisha mkanda wangu shingoni, nikampa ya kwangu, nikamwambia asipulize kwanza.

Ya kwangu niliipata bila boksi lake la asili. Vanishi imebaki kwenye mikunjo tu, kule ambako mikono haifiki. Lakini kitu ninachokitazama kila ninapoishika kiko kwenye kibonyezo cha kidole cha shahada cha kushoto. Pale pana kijisahani cha lulu, na kijisahani hicho kimechimbika, upande mmoja zaidi ya mwingine. Mimi sibonyezi upande ule. Aliyeipiga kabla yangu alikuwa anakiweka kidole chake kwa kukiinamisha kidogo kuelekea ndani, miaka na miaka, usiku kwa usiku, hadi lulu ikakubali. Fundi aliniuliza mara mbili kama nataka aweke mpya. Nilikataa mara zote mbili, na siku hizi najikuta kidole changu nacho kimeanza kuinama.